Igihozo cha Akimana

Kasulu Mjini
9 Machi 2024

Dada Imma,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umwambie ile dawa ya goti safari hii aimalize mwenyewe, asiigawie majirani. Mimi mzima. Mvua ya Kasulu mwaka huu haina adabu: inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, inarudi mchana na hasira zake. Bi Adija mwenye duka anakusalimu. Anasema watu wa Kibondo tumejaliwa mikono ya kushona na midomo ya kubishana. Nilitaka kubisha, nikaacha.

Nimempa Venanti, kondakta wa basi la asubuhi, mfuko wa mabaki ya vitambaa kwa ajili ya watoto wako wa chekechea. Kuna vitenge, kuna vipande vya sare, na kuna satini nyekundu iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja aliyekonda ghafla. Hiyo satini ni ya Akimana peke yake. Wengine wagawane vilivyobaki.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimepata chumba. Kina dirisha, mlango wake unafunga, na mwenye nyumba hana neno na watoto. Miaka miwili na zaidi imepita tangu nikuachie mwanangu, kwa sababu nilikuwa nalala stoo katikati ya majora ya vitambaa, na stoo si mahali pa kulea. Alikuwa hajafikisha miaka miwili, sasa ana minne. Mkifunga shule mwezi wa sita nakuja kumchukua.

Simu usinilaumu. Huko kwenu mtandao mpaka mpande kilima, na hata mkipanda, yule mtoto anaigeuza simu kutafuta mtu nyuma yake, akimkosa anakurudishia. Mara ya mwisho nilibaki naongea na upepo. Kwenye barua angalau nikilia hunisikii.

Naomba jambo moja, lile lile la siku zote. Mwimbie igihozo chake. Unakumbuka Mama, Mungu amrehemu, alivyotutungia kila mmoja wimbo wake wa kulalia, na wa mmoja hakuimbiwa mwingine hata angelia hadi apaliwe. Cha Akimana nilikitunga mimi, kwenye godoro lako, mvua ikipiga bati. Nakuandikia tena usije ukachanganya:

Lala, kanyana, ndama wangu, lala.
Mvua imetoka Nyakitonto,
imekuja kuuliza jina lako.
Nimeiambia: hajaamka.

Sura yangu ataisahau, pengine ameshaisahau. Nikifika nitaimba hicho, naye atajua ni nani aliyekuja.

Mdogo wako,
Esteri


Kumsenga
28 Machi 2024

Mdogo wangu Esteri,

Marahaba. Amahoro tunayo, nyumba nzima ina amani. Baba amemaliza nusu ya dawa, nusu nyingine iko kwenye goti la Mzee Ndayisaba. Mahindi yamesimama vizuri, maharage yameharibika kidogo kwa maji mengi, lakini hatutalala njaa.

Mfuko ulifika salama. Ungewaona! Watoto arobaini na watatu waliuvamia, nikabaki nimeshika kamba iliyoufunga. Tulikuwa kwenye shairi la kuku na vifaranga vyake, nami nilikuwa nimechora kuku kwenye maboksi ya sabuni. Tukapika uji mzito wa muhogo, ndio gundi yetu, kila mtoto akabandika manyoya ya vitenge vyako. Mmoja aliilamba gundi yote na kuku wake akabaki uchi. Kisha tunakaa duara, tunaimba kifaranga cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila zamu ikifika mtoto anainua kuku wake. Hesabu wanaishika bila kujua kwamba wanafundishwa. Chekechea yetu ya kigango haina kitabu hata kimoja, na sasa wala sikililii sana.

Akimana hakubandika ile satini. Aliikunja akaitia mfukoni, akasema kuku hawavai hivyo. Ana afya, anakula ubugali na dagaa, amekuwa mrefu, na anapenda kushika mkasi kuliko ninavyopenda mimi aushike.

Kuhusu mwezi wa sita, nakuambia kama mwalimu, si kama dada. Mtoto ukimng'oa katikati ya mwaka unamvuruga. Tuna onyesho la watoto mwezi wa kumi na moja, wazazi wote watakuja, na Akimana ana sehemu yake. Mwache amalize mwaka. Januari ataanza darasa la awali huko huko kwako, akiwa amekamilika. Desemba si mbali.

Hongera sana ya chumba.

Dada yako,
Immakulata


Kasulu Mjini
20 Juni 2024

Dada Imma,

Shikamoo wewe na Baba. Sisi huku tuna baridi mpaka cherehani inagoma kuamka. Bi Adija amekwenda Tanga kumzika shangazi yake, kaniachia duka wiki mbili nzima, na nimegundua kwamba kumtawala mtu ni kazi kuliko kutawaliwa.

Nilikuwa nimeshafunga begi. Nakwambia hivyo usidhani barua yako niliisoma nikatabasamu. Niliisoma mara tatu, nikafungua begi, nguo nikazirudisha kwenye kamba. Wewe ni mwalimu, mimi ni fundi wa nguo. Ukisema anavurugika, nitabisha kwa lipi?

Lakini maswali yangu hukuyajibu, na unajua hukuyajibu. Unamwimbia? Akisikia "mama yako wa Kasulu" anafanya uso gani? Usiniandikie kuku. Kuku nawapenda, ila barua nzima ya kuku na mistari minne ya mwanangu, dada!

Nimenunua kitanda kidogo. Kipo kitupu, nakitandika kila asubuhi kama vile kuna mtu amekilalia. Nataka pia kumnunulia viatu. Msimamishe juu ya karatasi, mzungushie kalamu mguuni, unitumie. Nina hamu naye kiasi kwamba jana nilimpima gauni mtoto wa mteja, nikachelewa kumwachia mpaka mama yake akakohoa.

Esteri


Kumsenga
17 Agosti 2024

Mdogo wangu Esteri,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Baba aliteleza kisimani, hakuvunjika, ila alitaka tumhudumie kama aliyevunjika. Mahindi tumevuna, yamejaa mpaka chumbani kwangu, nalala nikiwasikia panya wakiyafanyia mkutano.

Mguu wa Akimana ni huo hapo kwenye karatasi. Kidole gumba kimetoka kikubwa kwa sababu alicheka kalamu ilipomtekenya.

Mavuno yametupa kazi mpya darasani. Nimekusanya magunzi, kila mtoto anatengeneza ndama. Gunzi ni mwili, njiti nne ni miguu, masikio tunakata kwenye vitambaa vyako, na ngozi tunabandika kwa gundi yetu ya muhogo, kila ndama na rangi zake. Nyuzi ndefu tulizochomoa kwenye vitambaa vyako tumezifungia vizibo vya soda, tukazitundika kwenye boriti. Ukizitikisa zinalia, na hiyo ndiyo mvua. Wanaimba huku wanapapasa vidole sakafuni, taratibu, kisha kwa nguvu, kisha wanaweka kidole mdomoni, kimya. Afisa elimu kata alipita, akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakafika masikioni, akaomba warudie mara mbili. Wimbo wenyewe ni mwepesi tu, wa watoto, sina haja ya kuuandika.

Akimana anamshika ndama wake vizuri. Ndiye aliyewafundisha wenzake kukunja masikio.

Nimechoka, Esteri. Nitaandika zaidi siku nyingine.

Immakulata


Kasulu Mjini
3 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Leo amekuja dukani mama mmoja wa Kumsenga, anaitwa Zaitun, kushonesha dera. Kaja na mtoto wake, mwanafunzi wako. Mtoto amekaa chini ya meza yangu anachezea vizibo. Akaanza kuimba.

Lala, kanyana.

Ameimba mpaka mwisho, na vidole vyake, na kidole mdomoni. Nikamwuliza nani amekufundisha. Akasema, "Mwalimu. Tunaujua wote."

Nilimkata Zaitun kitambaa vibaya, nimekaa hapa nakishona upya.

Watoto arobaini na watatu. Ningekuwa na kingine cha kumpa mwanangu ningenyamaza. Sina uso, sina sauti, nguo nikimtumia zinambana kabla hajazizoea. Kile kilikuwa chake na changu, na wewe umekitundika kwenye boriti pamoja na vizibo. Kwa nini?

Esteri


Kumsenga
10 Novemba 2024

Esteri, mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nyingi. Moja niliwapa watoto waikate, tukatengenezea ndege.

Baba hajambo. Mimi sijambo. Akimana hajambo. Hayo yametosha.

Onyesho la mwezi wa kumi na moja halikuwepo. Nililiandika kwenye barua ile ya Machi ili usije mwezi wa sita. Baadaye ikanibidi niliandae kweli, maana nilishaliandika na wewe una kumbukumbu kali. Limefanyika juzi. Wazazi walishangilia sana.

Pili, ananiita Mama. Mwanzo nilimsahihisha, nikamwambia sema mama mkubwa. Baadaye nikawa namsahihisha mbele za watu tu. Baadaye nikaacha. Najua utasema kumwita mama mkubwa mama si ajabu kwetu, hata sisi tuliwaita hivyo dada zake Mama. Usinitetee. Mimi sikuzaa, Esteri, na unajua niliyoyasikia kwa wakwe zangu kabla sijarudi kwa Baba. Neno lile lilipotoka kinywani mwake mara ya kwanza nilikuwa nachuja maharage, nikayamwaga yote.

La tatu ndilo uliloniuliza. Nilikuwa namwimbia, nakuapia. Kila mchana akijilaza, nilimwimbia igihozo chako. Siku moja mwezi wa tano alinishika kidevu akauliza, "Huu wimbo ni wa nani?"

Nikamwambia, "Wa mama yako wa Kasulu. Alikutungia wewe."

Akafikiri. Akasema, "Basi wewe usiuimbe. Tumngoje aje." Akanigeuzia mgongo.

Nimemwogesha, nimemtoa funza, nimekesha naye homa za malaria. Na mtu asiyemkumbuka hata sura alikuwa amewekewa nafasi, na nafasi yenyewe siruhusiwi kuikalia. Nilichukia, mdogo wangu. Sikumchukia yeye. Nilikuchukia wewe, na wewe ndiye ndugu niliyebaki naye. Shule ilipofunguliwa mwezi wa saba niliandika maneno yako ubaoni. Nilisema moyoni kwamba nakosa mashairi ya kufundishia. Uongo. Nilitaka wimbo uwe wa kila mtu, ili ukifika usiwe na cha kuja nacho.

Watoto wote waliimba isipokuwa yeye. Alishika ndama wake akafunga mdomo. Nilimwambia Akimana imba, akatikisa kichwa. Afisa elimu kata akafikiri ni bubu. Wiki ya tatu, wiki ya nne, nikaendelea tu, nione kama atachoka. Mwezi wa kumi alichoka, akaanza kuimba na wenzake. Nilidhani nitafurahi.

Nimewahi kuwaadhibu watoto kwa kumharibia mwenzao kazi yake ya mikono. Mimi nani ataniadhibu sijui.

Mwezi ujao shule ikifungwa nitamleta. Sitamtuma na Venanti. Nitamleta mwenyewe, nimkabidhi mkononi mwako, kama utakubali niingie ndani.

Dada yako,
Imma


Kasulu Mjini
22 Novemba 2024

Dada Imma,

Shikamoo. Utaingia ndani. Nimekasirika bado na nitakasirika muda mrefu, ila utaingia, utakula, na utalala.

Nilikuandikia majibu makali ya kurasa tatu. Bi Adija akanikuta nalia juu ya kitambaa cha mteja, akanipokonya kalamu, akaniuliza, "Na wewe miaka yote hii ulikuwa wapi? Kasulu na Kibondo ni safari ya Makka?" Nakujibu wewe.

Chumba sikukipata mwaka huu. Ninacho tangu Februari ya mwaka jana.

Mwaka jana huo, wiki moja kabla ya Pasaka, nilikuja Kumsenga. Hukuambiwa kwa sababu hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimekuja kumchukua. Nilishukia barabarani, nikatembea hadi uzio wa mabua nyuma ya darasa lenu. Ulikuwa nje na watoto mnafinyanga vyungu vya udongo, mmejipaka mpaka viwikoni. Nikamtambua Akimana kwa kisogo chake. Aliteleza akaangukia magoti, akainuka na mikono yake ya tope, akawapita watoto wote, akakukumbatia miguu. Ulikuwa umevaa sketi nyeupe. Hukuangalia hata sketi. Ulimwinua ukamfuta machozi kwa shavu lako kwa sababu mikono yako nayo ilikuwa na udongo.

Nilikuwa umbali wa hatua kumi. Niligeuka, nikapanda ile ile bodaboda iliyonileta. Nikajiambia atanijua kwa wimbo, hakuna haraka, mtoto hasahau wimbo. Nikaufanya wimbo uwe mama badala yangu, mimi nikabaki huku nashona.

Kwa hiyo hukuniibia peke yako. Nusu niliiacha mwenyewe kwenye uzio.

Mlete. Njooni tarehe kumi na nne. Nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Esteri


Kasulu Mjini
19 Januari 2025

Dada Imma,

Shikamoo wewe na Baba. Kanzu aliyoniagiza Baba iko tayari, namsubiri Venanti. Bi Adija anauliza yule mwalimu mkimya atarudi lini, maana siku zako nne hapa ulimpangia rafu zake za vitambaa kwa rangi na sasa kila akitafuta kitu anakipata, anasema hajazoea.

Tangu uondoke ni mwezi mmoja. Akimana ameanza darasa la awali. Mwalimu wake ana watoto tisini na chaki. Juzi Akimana alirudi akaniambia huko hawatengenezi chochote, wanaandika a, a, a, basi. Akaomba magunzi. Jirani yangu hulisha mbuzi magunzi yake yote, ikabidi nibishane na mbuzi. Jioni yake alikaa na watoto wa nyumba hii nzima kibarazani, akawapikisha uji wa muhogo, akawagawia vipande vya vitenge na kuwagombeza kwa maneno yako na sauti yako. "Tunabandika, hatulambi." Nilicheka, kisha nikaingia ndani kukaa kidogo.

Wimbo nilimwimbia siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Alinisikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho. Akasema, "Huo tuliuimba shuleni." Akaendelea kula ndizi yake. Nakuambia kwa sababu ulisema nisikufiche. Iliniuma na bado inauma.

Hanichukii. Anakula ninachopika, anashika mkono wangu tukivuka barabara, viatu amevipenda. Ila hakuwa na jina la kuniita. Mwezi mzima aliniita kwa kunivuta gauni. Nikiwa mbali alisimama akangoja nigeuke. Nami nilijifanya sioni, nikaogopa kwamba nikimwuliza nitasikia nisichokitaka.

Jana mchana tulikuwa bombani. Foleni ndefu, jua kali, ndoo yake ndogo ikapigwa teke na mtu, maji yakamwagika. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cha mwezi mzima, Imma. Alijitupa chini akaita, "Mama! Mama!" Wanawake wote bombani wakanitazama, wakasema si huyu hapa mama yako? Akawatazama, akaita zaidi. Hakuwa ananiita mimi.

Nilimbeba. Alinipiga mateke. Nilimwambia nyamaza mwanangu, mama nipo hapa, akazidi. Nikamwimbia, akazidi. Nikaishiwa. Basi nikamwambia, "Mama yako yuko Kumsenga. Yuko mzima. Sasa hivi anachuja maharage. Pasaka atakuja, au sisi tutakwenda."

Akanyamaza. Akalaza kichwa begani kwangu, akajiachia mzima mzima, na uzito wake wote. Akaniuliza, "Na wewe utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.

Tangu nikuachie mwanangu, jana ndiyo mara ya kwanza nimembembeleza, dada, na nimembembeleza kwa jina lako. Sijui kama nimeshindwa au nimeweza. Najua tu kwamba alilala mgongoni kwangu njia nzima, na ndoo nikaisahau bombani.

Niandikie upesi tarehe ya kuja. Usinijibu kwa kuku. Ananiuliza kila siku.

Mdogo wako,
Esteri